Waasi wakishashika mji, kesho yake asubuhi nani anaendesha mambo? Namjibu mama wa Kibirizi

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeuza unga na sabuni pale Kibirizi, hapa hapa Kigoma mjini. Nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Mzigo wangu unavuka ziwa mpaka Uvira, pale mteja wangu analipa ushuru wa serikali na anapewa karatasi. Mwaka 2025 alivyokuwa anapandisha mzigo kwenda Bukavu, akifika Kamanyola anawakuta waasi, analipa tena, na wao wanampa karatasi ina mhuri kabisa. Mimi nilijua waasi ni watu wa porini wanaopora na kukimbia. Sasa hawa wenye mihuri ni watu gani? Wakishika mji nani analipa walimu, nani anaamua kesi ya shamba, na hiyo karatasi yao ina kazi gani?"

Marahaba mama. Umeuliza mambo manne kwenye ujumbe mmoja na yote ni ya maana, so naomba univumilie, jibu litakuwa refu kidogo.

Nianze na hilo la watu wa porini. Kundi likiwa dogo linahamahama, leo kijiji hiki kesho kile, ni kweli linapora, linachukua mbuzi, unga mpaka mbegu, kwa sababu kesho halipo na ukifa njaa msimu ujao haliwahusu. Ila siku kundi hilohilo linaposhika mji na kuamua kukaa, hesabu inageuka, maana mkulima akikosa mbegu mwaka huu mwakani hakuna cha kumtoza, na mfanyabiashara akitozwa mpaka mtaji ukaisha harudi tena na barabara inakufa. Hapo ndo mhuri unapozaliwa mama. Mhuri hautokani na huruma, unatokana na kwamba wanataka mteja wako arudi wiki ijayo. Ile karatasi inamwambia askari wa kizuizi kinachofuata kwamba huyu ameshalipa mwachie apite, na wakuu wao nao wanaitumia kujua yule kijana wa kizuizini amekusanya kiasi gani, asije akatia mfukoni. Kwa hiyo inamlinda mteja wako kidogo, inawalinda mabosi zaidi.

Upande wa Kivu, mashariki ya Congo, karatasi hizo watu wanaziita jetoni, na kuna makundi yaliyokuwa yanatoza kila mtu mzima kila mwezi, ukikamatwa njiani huna jetoni ya mwezi huo umekwisha. Na kuna mchango mwingine una jina la Kiswahili ambalo mimi kila nikilisikia linanichoma: lala salama. Yaani unalipa ili usiku ulale usivamiwe, na anayekuvamia usipolipa ni huyohuyo unayemlipa, au ni jirani yake anayemjua vizuri. Lugha yetu nzuri kabisa ya kumtakia mtu usiku mwema imegeuzwa jina la kodi.

Lakini usiwaone waasi peke yao kwenye hili. Watafiti walipita Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wakahesabu vizuizi vya barabarani, matokeo yakatoka 2017, walikuta karibu 800, na vile vyenye askari wa serikali vilikuwa vingi kuliko vya makundi ya waasi. Kwa dereva wa lori tofauti ya mwasi na serikali mara nyingi ni rangi ya gwanda tu. Mteja wako akikwambia yule wa Kamanyola alikuwa na adabu kuliko mwingine aliyemkuta njiani, usimbishie, inawezekana kabisa, na haimaanishi kwamba mteja wako ni mwasi.

Sasa nani anaendesha mji. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani waasi wanakuja na serikali yao nzima kwenye malori, mawaziri wanakaa ofisini kazi inaanza. Hawana watu hao. Kundi linaweza kuwa na wapiganaji elfu kadhaa likashika eneo lenye watu milioni, na wapiganaji wenyewe wako mstari wa mbele. Kinachofanyika karibu kila mahali ni kwamba wanaikuta serikali ya zamani imekaa pale, karani wa soko, nesi, mwalimu, chifu, wanabadilisha kichwa tu wanaacha kiwiliwili. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, M23 (ndo hao waasi wa Kamanyola) na muungano wao wa AFC waliteua magavana wao, wakateua meya, lakini mtu aliyekuwa anaandika vyeti dirishani alikuwa mara nyingi yuleyule wa jana. Hana pa kwenda, ana watoto, anarudi dirishani kwake.

Na chini kabisa mtaani wanashuka kwa njia ambayo wewe mama unaijua vizuri: nyumba kumi. Sisi tulikuwa na balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU, na wenzetu wa Goma na Bukavu nao wana nyumba kumi, jina ni hilohilo. Balozi anajua nani kalala kwa nani na kijana gani kaja juzi kutoka wapi. Mtawala mpya anamhitaji huyo kuliko anavyohitaji ofisi ya gavana. Kupitia watu kama hao ndo wanaitisha salongo, ile kazi ya Jumamosi ya kufagia na kuzibua mitaro ambayo M23 waliirudisha kwa nguvu Goma. Mitaro inazibuliwa kweli, mji unakuwa msafi, na kila Jumamosi wanajua nani katokea na nani kajificha. Vitu viwili kwa fagio moja.

Vijijini mlango ni mwami, yaani chifu wa jadi. Sisi huku Buha tulikuwa na bami wetu na mamlaka yao yakafutwa na sheria ya 1963, ndo maana Mtanzania wa leo anapata shida kuelewa Congo. Kule hawakufuta. Chifu bado ni ngazi halali ya utawala, anagawa ardhi, anakusanya kodi, anaamua kesi. Kwa hiyo kamanda akiingia eneo jipya swali la kwanza ni mwami yuko upande gani. Akikubali, kundi limepata utawala bila kutumia risasi. Akikataa anakimbia, au anauawa, au anasimikwa mdogo wake au binamu, halafu vita ikiisha kuna watu wawili wote wanasema mimi ndo mwami, na ukoo unagombana miaka ishirini. Msumbiji waasi wa Renamo walifanya hivyohivyo, Frelimo waliokuwa serikalini walikuwa wamewapiga teke machifu baada ya uhuru wa 1975 wakiwaona mabaki ya mkoloni, Renamo wakaja wakawarudishia heshima, na machifu wakawa ndo wakusanyaji wa chakula cha wapiganaji. Chifu alifurahi kurudishiwa kiti, kijiji ndo kikabeba magunia.

Uganda ilienda njia nyingine. Wapiganaji wa NRA, jeshi la msituni la Museveni, pale Luwero, kati ya 1981 na 1986, walianza na kamati za siri za vijijini za kuwatafutia chakula na habari, baadaye kamati hizo zikageuka mabaraza ya wananchi, kijiji kinachagua watu wake, na uchaguzi huo ulikuwa wa kweli kwa kiwango ambacho wanakijiji hawakuwahi kukiona kwa machifu wa kuteuliwa. Walipochukua Kampala Januari 1986 mfumo ukaenea nchi nzima, na ndo mzizi wa hizo LC, yaani mabaraza ya mitaa, unazozisikia Uganda mpaka leo. Sisemi hivi kumsifia mtu, kwenye vita ileile watu wengi sana waliuawa Luwero. Nasema kwa sababu inatupeleka kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote.

Ni hili: ukitaka kujua kundi litatawala vipi usisome ilani yao, ilani zote ni tamu. Angalia wanakula nini. Kundi ambalo chakula chake kinatoka kwenye jungu la mwanakijiji linalazimika kumsikiliza mwanakijiji hata kama halimpendi, maana akihama wanalala njaa. Kundi ambalo pesa yake inatoka kwenye shimo la madini, au kwa jirani mwenye jeshi, halihitaji kumsikiliza mtu.

Mfano hauko mbali, uko ng'ambo ya ziwa lako. Agosti 1998 kundi la RCD walianza uasi, wakashika Uvira, Goma, Bukavu, baadaye Kalemie, na mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, profesa wa historia aliyefundisha pale mlimani Dar es Salaam tangu 1980. Mtu msomi, miaka yote alikuwa anaandika na kufundisha kuhusu demokrasia inayotoka kwa watu wenyewe. Kama kungekuwa na waasi wa kutawala vizuri kwa sababu kiongozi ana mawazo mazuri, ingekuwa hawa. Mei 1999 wakamwondoa, kundi likapasuka, yeye akabaki Kisangani upande wa Uganda, wengine Goma upande wa Rwanda, na Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda wakapigana wenyewe kwa wenyewe ndani ya Kisangani siku sita, raia wakafa kwa mamia kwenye mji ambao si wa yeyote kati yao. Profesa alikuwa na mawazo lakini bunduki na almasi vilikuwa na wenyewe.

Hao wa Goma Novemba 2000 wakaipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kusafirisha nje madini ya coltan. Bei ya coltan duniani ilikuwa imepaa kwa sababu ya simu na kompyuta, na kiongozi wao wa wakati huo Adolphe Onusumba alisema wazi kabisa kwamba almasi inawaingizia kama dola 200,000 kwa mwezi ila coltan inafika milioni. Miezi michache tu bei ikaporomoka, wachimbaji wakawa wanapitisha mzigo njia za panya, mpango ukafa 2001. Sasa jiulize, kwenye miezi ile shule ngapi ziliezekwa? Na Rubaya leo ni wimbo uleule, M23 waliushika mji huo wa coltan 2024 na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria ushuru wa pale ni kama dola 800,000 kwa mwezi. Mwenye pesa hiyo hana haja na mchango wa mama anayeuza sombe (kisamvu), akiamua kumtoza ni nyongeza tu.

Linganisha na Butembo, kaskazini huko. Wafanyabiashara wa kabila la Wanande wana nguvu, wana malori, wana kanisa nyuma yao. Kundi la RCD lililokuwa chini ya Mbusa Nyamwisi halikuwa na mgodi mkubwa wa kulitosha, lilihitaji pesa za wafanyabiashara, basi wakakubaliana: matajiri wanalipa ushuru mapema hata kabla mzigo haujafika, na wao wanapunguziwa kiwango. Na barabara zikawa zinatengenezwa kwa michango yao. Haikuwa haki kwa kila mtu, mfanyabiashara mdogo kama wewe asiye na mtaji wa kulipa kabla alibaki nje. Lakini mji ulijengeka katikati ya vita kwa sababu mwenye bunduki alilazimika kukaa mezani na mwenye duka.

Walimu sasa, maana hilo swali naona umeliuliza kwa uchungu. Jibu fupi ni kwamba mara nyingi waasi hawalipi. Congo hata kabla ya vita wazazi walishazoea kumchangia mwalimu ile wanayoiita prime, kwa sababu mshahara wa serikali ulishakufa tangu enzi za Mobutu, kwa hiyo mji ulipobadilisha mikono mzazi aliendelea kulipa kama jana. Shule za kule nyingi sana ziko chini ya makanisa, na kanisa halikimbii. Waasi wanachofanya ni kuruhusu, kuzuia, au kuja kutafuta vijana shuleni. Kuna nchi nyingine jambo hili lilifika mahali pa ajabu kabisa: Sri Lanka, wale Tigers wa Kitamil walikuwa na makao Kilinochchi, wana polisi wao, mahakama zao, benki yao, lakini walimu na madaktari ndani ya eneo lao walikuwa wanalipwa na serikali ileile waliyokuwa wanapigana nayo. Serikali ilikataa kuonekana imewatupa raia wake, waasi wakaona bora mzigo ubebwe na adui, mwalimu akawa na mabosi wawili na mshahara mmoja.

Goma 2025 ilikuwa kinyume chake. Kinshasa walifunga bomba la pesa, benki zikafunga milango, watu wana hela kwenye akaunti hawawezi kuzishika, wanavuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutoa kwa simu na kukatwa asilimia. M23 wakajaribu kufungua benki ya akiba ya CADECO, ila benki bila benki kuu nyuma yake ni jengo lenye kaunta. Ukitaka kuona waasi wanafika wapi wanashindwa, ni hapo. Wanaweza kufagia mji, wanaweza kuteua gavana, hawawezi kutengeneza noti watu wakaziamini.

Kesi ya shamba. Niliwahi kuwa mkalimani kambi ya wakimbizi ya Lugufu miaka ya mwanzo ya 2000, watu wa Fizi na Uvira walikuwa wengi pale, madaftari yangu ya wakati ule bado ninayo. Mzee mmoja wa Fizi alinieleza kwamba mchana wanalipa wa mjini, yaani RCD waliokuwa wameshika miji ya pwani ya ziwa, na usiku wanalipa wa mlimani, yaani Mai-Mai, wanamgambo wa wenyeji. Nikamuuliza na ukigombana na jirani unampelekea nani? Akasema unaangalia jirani yako anampelekea nani, unampelekea mwingine. Nilicheka wakati ule, leo sicheki, kwa sababu ndo jinsi ugomvi wa mpaka wa shamba unavyogeuka vita ya kabila, kila upande una bunduki yake ya kukimbilia.

Pamoja na hayo watu wengi walikuwa wanasema kamanda anaamua haraka. Hakuna wakili, hakuna njoo mwezi ujao, mwizi wa ng'ombe anapatikana jioni asubuhi kashachapwa, na mtu aliyechoka na rushwa za mahakamani anapumua. Nawaelewa kabisa. Ila haraka hiyo ni nzuri mpaka siku mshtakiwa ni wewe, au mshtakiwa ni askari wa kamanda. Kipimo changu siku zote ni hicho kimoja: je, kuna raia aliyewahi kumshtaki mpiganaji wao akashinda? Wapo waliojaribu. Waeritrea wa EPLF, waliopigania uhuru kutoka Ethiopia, walikuwa na nidhamu kali hata kwa watu wao, na kule Orotta milimani walijenga hospitali nzima iliyofichwa wakawa wanatengeneza mpaka dawa zao wenyewe, kwa sababu miaka mingi hawakuwa na tajiri wa nje wa kuwatosha. Na hao hao walipopata nchi ile nidhamu ikawageukia wananchi, uchaguzi mkuu hawajaufanya mpaka leo. Kutawala eneo vizuri wakati wa vita na kutawala nchi wakati wa amani ni mitihani miwili.

Hata Frelimo ambao sisi Watanzania tuliwalea, kwenye maeneo waliyoyakomboa kwa Wareno huko Cabo Delgado walifungua maduka ya wananchi, mkulima analeta korosho na karanga, zinabebwa kichwani mpaka kuvuka Ruvuma, zinarudi chumvi, sabuni na nguo. Mwenyekiti wa mkoa Lázaro Nkavandame akatuhumiwa kuyageuza maduka yale mradi wake, wakagombana, na 1969 akaenda kujisalimisha kwa Wareno. Ugomvi mkubwa kabisa ndani ya chama cha ukombozi, na ndani yake kulikuwa na bei ya chumvi na sabuni. Wewe unayeuza sabuni utalielewa hili kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

Na Kigoma hatujawahi kuwa watazamaji tu. Kabila mkubwa, yaani Laurent, baba wa rais Joseph, alianzisha kundi la waasi la PRP mwaka 1967, akakaa milimani Fizi sehemu waliyoiita Hewa Bora, wana mashamba ya pamoja, shule, zahanati, na dhahabu na pembe zikivuka ziwa kuja upande wetu. Mei 1975 watu wake walivuka usiku wakateka watafiti wanne pale Gombe, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, wakadai pesa na silaha. Mwishowe wote waliachiwa. Kajiserikali kadogo ka mlimani kalichokosa hazina kalikuja kuitafuta hazina Gombe.

Sasa karatasi ya Kamanyola. Mwambie mteja wako asiitupe, ila asiichanganye na ile ya Uvira. Mfuko wake mbali, na akirudi upande wa serikali isiwe mfukoni kabisa, maana anaweza kuitwa mfadhili wa waasi na kithibitisho kikawa risiti hiyo. Vita ikiisha karatasi hizi zinageuka mambo. Kodi uliyolipa kwa waasi serikali inaweza kukudai tena kama vile hukulipa, hati ya shamba iliyotolewa na waasi inaweza kuwa takataka au inaweza kuwa mali inategemea aliyetoa amepata cheo gani kwenye mkataba wa amani. Baada ya mkataba wa amani wa Sun City viongozi wa RCD waliingia serikali ya mpito mwaka 2003, mmoja akawa makamu wa rais, na malisho makubwa ya Masisi, Kivu Kaskazini, yaliyopata wenyewe wapya wakati wa vita watu wanayagombania mpaka sasa.

Pia ningeomba kitu kimoja. Muulize karatasi ile juu imeandikwa nini: jina la kundi, au bado imeandikwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo? Na kiwango kimeandikwa kwa kilo au kwa kichwa cha gari? Ukipata picha yake nitumie, ila ufute kwanza jina la mteja na namba ya gari.